Mashine ya Indubhai Haisomi

Jumanne, 7 Oktoba 1997
Mvua imeanza mapema na redio inasema hii ni rasharasha tu, yenyewe bado. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mke wangu Bosibori anasoma Ekegusii, lugha yetu, kunishinda, na kila karatasi iliyo nyumbani humu ni lazima aifungue. Kiswahili kinamchosha. Miaka thelathini na moja nilikaa Posta nikipokea na kutuma telegramu, na kazi ile ilinifundisha kuandika kila kitu na kusema kidogo. Sasa nimestaafu. Jumanne na Ijumaa natoka Suneka naenda mjini Kisii, dukani kwa Indravadan, tunaunda kompyuta.

Watu wote humwita Indubhai. Amerekebisha redio na cherehani katika duka lile tangu nikiwa karani mpya, na tulijuana kaunta ya Posta, mimi nikihesabu maneno yake na yeye akilalamika kwamba nahesabu vibaya. Mkewe, Prabha, alifariki mwaka juzi. Mwana wao wa pekee, Vikram, yuko Leicester, Uingereza. Kwa hiyo mzee anakaa peke yake, duka chini na kitanda juu.

Tuna daftari la kazi. Kila jaribio linapewa namba, tarehe na matokeo, kama tulivyofanya Posta. Leo nilipoingia niliuliza, "Imesoma?" Akajibu bila kuinua kichwa, "Bado." Jaribio la 4.

Ijumaa, 10 Oktoba
Chandni, binti wa Vikram aliye chuo kikuu, ndiye aliyemtumia babu yake sidii, kisahani ambacho tunataka mashine yetu ikisome. Ndani yake kuna mfumo unaoitwa Linux. Hauuzwi, na eti unaweza kuendesha mashine kuukuu ambazo ofisi zinatupa. Ubaya wake ni kwamba hauna mwenyewe. Leo asubuhi niliipeleka ile sidii kwa mwalimu mmoja wa chuo cha kompyuta kilicho juu ya duka la dawa. Akaishika kwa ncha za vidole kama kitu kilichookotwa jaani.

"Mzee, hii haina support," akaniambia. "Ikikataa utamlilia nani?"

Nimeudhika mpaka saa hii. Mimi na Indubhai hatujawahi kumlilia mtu kwa sababu redio imekataa.

Tunachotegemea ni orodha ya Chandni, kurasa arobaini za vifaa ambavyo mfumo huo unavikubali. Tunaisoma kwa rula, mstari kwa mstari. Bodi kubwa tuliyoitoa kwenye kompyuta iliyotupwa na ofisi ya kahawa imo. Kadi ya picha imo. Vijiti vya kumbukumbu vinataka viwe vinne vya aina moja, na sisi tuna vitatu na mgeni mmoja. Kisoma sidii nacho kimo, lakini kinadai kadi yake maalumu, na kadi hizo zinafanana kama mapacha huku orodha ikikubali moja tu. Ile tuliyo nayo imekataliwa. Indubhai ameandika Nairobi kuagiza nyingine.

Alipomaliza barua alizifunga skrubu zetu katika karatasi ya kalenda. Ana kalenda ya Kigujarati ya kuchana, ukurasa mmoja kwa siku, imetundikwa juu ya meza ya kazi. Kila asubuhi anachana, anasoma siku ni njema au mbaya, halafu karatasi inakuwa ya kufungia skrubu.

Jumanne, 14 Oktoba
Mvua. Barabara imekuwa uji. Sikwenda.

Ijumaa, 24 Oktoba
Tumepata kijiti cha nne cha kumbukumbu kwa fundi mmoja wa Magwagwa, ndugu kabisa wa vile vitatu. Mashine imewaka na kuvihesabu vyote. Indubhai alipanguza miwani mara mbili. Bosibori alimtumia chinsaga, mboga zetu chungu za majani, Indubhai akazila zote na chapati zake, akasema uchungu wake unamkumbusha mboga za mama yake.

Alhamisi, 30 Oktoba
Diwali. Siku hii Wahindi wenye maduka huviombea vitabu vya hesabu na vyombo vya kazi. Indubhai aliiweka mashine yetu mbele ya picha ya mungu wao wa kike, akaipaka alama nyekundu, akaweka nazi mbele yake. Iliwaka, ikaonyesha maandishi, lakini sidii haikuiona maana kadi haijafika. Jaribio la 9.

Vikram akapiga simu. Walisema kwa Kigujarati muda mrefu, halafu mzee akanipa mkono wa simu. Vikram alizaliwa hapa hapa Kisii na Kiswahili chake hakijachakaa.

"Mzee Okemwa, shikamoo. Baba amekubali kuja kwetu, amekubali kabisa. Lakini anasema haachi kazi mezani. Mashine ikisoma, siku hiyo anafunga duka. Tafadhali, msaidie aimalize upesi. Nyumba ile ina unyevu na yeye kifua si kizuri."

Nikasema, "Sawa, baba."

Nilimrudishia Indubhai simu nikatoka barazani. Damaris, fundi wa nguo anayeshonea pale mbele ya duka, aliniuliza kama nimepata habari ya msiba. Nikamwambia hapana.

Jumanne, 4 Novemba
Kadi imefika. Tumeilinganisha na orodha herufi kwa herufi, ndiyo yenyewe. Lakini umeme ulikatika saa nane na haukurudi. Indubhai akasema, "Iache, nitaipachika mwenyewe kesho. Ijumaa tutajaribu." Njia nzima sikumjibu mtu salamu.

Ijumaa, 7 Novemba
Naandika jambo hili hapa kwa sababu sitalisema popote.

Kila kadi ndani ya mashine hupewa namba yake ya kuitwa, sawa na simu. Kadi mbili zikishika namba moja, hakuna inayosikika. Namba inachaguliwa kwa jampa, kifuniko cha plastiki kisichozidi punje ya wimbi, ambacho unakihamisha kutoka sindano hizi kwenda zile. Kadi ya kisoma sidii inatakiwa iwe kwenye kumi. Namba tano imeshashikwa na kadi ya sauti.

Nilifika nikaikuta kadi imeshapachikwa. Indubhai alipanda juu kuchemsha chai. Nilisikia maji yakimiminwa, nikajua nina dakika kumi. Jampa iko kwenye ukingo wa juu wa kadi, huna haja ya kuichomoa. Nilichukua kibanio nikaitoa kumi nikaitia tano. Sikuharakisha, na hilo ndilo linaloniogopesha.

Akashuka na chai. Tukawasha. Sidii haikuonekana. Jaribio la 10, nikaandika kwa mkono wangu: haikusoma, sababu haijulikani.

Nina miaka sitini na tatu. Marafiki zangu wa Posta wamezikwa au wamehamia kwa watoto wao. Nyumbani tunaongea habari za ng'ombe na za jirani. Mtu pekee ambaye naweza kukaa naye saa nne bila kusema neno nikarudi nyumbani nimeshiba maongezi ni yule Mhindi. Nilimuahidi mwanawe, na nimemdanganya.

Jumanne, 11 Novemba
Nilipendekeza kwa mdomo tu kwamba tuichomoe kadi tuitazame upya. Indubhai akakataa. "Kadi iko sawa. Ukichomoa mara kwa mara miguu yake inachakaa. Tutafute waya." Nikashukuru moyoni. Tumebadilisha waya. Jaribio la 11, haikusoma.

Ijumaa, 14 Novemba
Jaribio la 12. Waya mwingine. Haikusoma.

Jumanne, 18 Novemba
Kilima kimeporomoka karibu na kwetu kikaziba njia, na shamba la migomba la jirani yetu Angwenyi limeteremka zima mpaka mtoni. Nilitembea mpaka lami nikiwa nimekunja suruali. Tumebadilisha kisoma sidii chenyewe. Nilikichagua mimi, nikamweleza kwa nini kinafaa, nikamsomea orodha kama mchungaji asomaye waraka. Najua kusema uongo kwa sauti nzuri. Jaribio la 13.

Jumanne, 25 Novemba
Vikram alipiga simu. "Bado?" "Bado."

Jumanne, 2 Desemba
Paa la duka linavuja sehemu tatu. Tumeweka ndoo na karai, na tunafanya kazi kwa mlio wa matone. Indubhai anakohoa. Shati lake limemlegea shingoni. Nilimwambia aende hospitali, akasema ni vumbi la redio, kana kwamba mwezi huu kuna vumbi popote duniani.

Halafu akaniuliza, "Okemwa, umechoka na mashine hii?"

"Mimi? Hapana."

"Basi tuendelee."

Jaribio la 15.

Jumanne, 9 Desemba
Leo nilikusudia kuirudisha jampa. Niliamka nimeamua, nikaja na kibanio changu mfukoni. Alipopanda kuchemsha chai nilikaa nikiitazama ile punje ya plastiki mpaka aliposhuka, na mikono yangu ikiwa mapajani. Mbu wamejaa mpaka dukani, kitu ambacho miaka ya nyuma hakikuwapo huku juu.

Jumanne, 16 Desemba
Nimekuta mashine imefunikwa kwa shali ya marehemu Prabha. Indubhai alinionyesha kalenda. Kuanzia leo hadi tarehe kumi na nne Januari ni kipindi wanachokiita kamurta. Mtu haanzi jambo jipya, haozeshi, hahamii nyumba, hafungi safari kubwa.

"Mashine mpya pia haiwashwi?" nikauliza.

"Haiwashwi."

"Na Vikram?"

"Nimemwambia. Hata yeye anajua kamurta."

Tulikaa tukarekebisha redio ya katekista mpaka saa kumi. Sikumbuki lini nilikuwa na raha namna ile, na nilijiona mwizi aliyeongezewa siku.

Alhamisi, 25 Desemba
Krismasi. Tulichinja. Bosibori aliwaambia wageni kwamba nimeoa mke wa pili mjini, ana mwili wa bati na hajui kupika. Walicheka sana. Baadaye tulipobaki wawili akaniuliza kwa upole, "Baba, una nini? Unakula kama mgonjwa." Nikamwambia ni mvua.

Jumanne, 30 Desemba
Kura. Maduka yamefungwa. Mvua haijui uchaguzi.

Jumanne, 6 Januari 1998
Duka limefungwa. Damaris alikuwa barazani na cherehani yake.

"Tangu Jumapili hajafungua," akasema. "Nilidhani amekwenda kwako."

Tulizunguka nyuma, mlango wa ngazi ulikuwa umerudishwa tu. Nilimkuta kitandani amejifunika blanketi mbili na koti, meno yakigongana, shuka limelowa. Karibu na kitanda kulikuwa na ndoo ya maji ya paa, imejaa na kumwagikia sakafuni. Hakunitambua mara moja. Damaris alikimbia kutafuta gari, nami nikamshika Indubhai mkono. Ulikuwa wa moto.

"Okemwa," akasema, "imesoma?"

Siku zote ni mimi ninayeuliza na yeye ndiye anayejibu.

"Bado," nikasema.

"Vizuri."

Nikajua homa imempanda kichwani. Hospitalini wamesema ni malaria, na mapafu nayo yameshikwa. Wodi imejaa, watu wawili kitanda kimoja, wazee wa milimani ambao maisha yao yote hawakuijua malaria. Yeye wamempa kitanda peke yake kwa sababu ya mapafu. Nilimpigia Vikram simu kutoka Posta, kwenye kibanda nilichokuwa nikikisimamia zamani.

Ijumaa, 9 Januari
Homa imeshuka kidogo. Amekuwa mdogo, kitanda kimempita. Nilivuta kiti nikamwambia, "Indubhai, kuna jambo kuhusu ile kadi."

Akafumbua macho. "Kadi iache."

"Nisikilize kwanza."

"Kadi usiguse, Okemwa. Kadi ni nzuri." Akageukia ukuta.

Nikamfunika blanketi, mwoga mimi.

Jumanne, 13 Januari
Vikram amefika. Ana mvi nyingi kuliko nilivyotazamia. Aliniamkia kwa heshima, akanishukuru kwa kumtunza baba yake, na kila neno la shukrani lilinichoma. Tulisimama chini ya paa la kantini ya hospitali, mvua ikimwagika pande zote.

"Daktari anasema kifua kimeharibika kabisa," akasema. "Anaweza kusafiri, lakini kurudi hapa asahau. Angekuja Novemba angekuja akitembea. Niliwaomba, mzee. Mashine moja tu."

"Ni mimi," nikasema.

"Ni wewe nini?"

Nikamweleza. Jampa, kumi, tano, chai. Sikuficha kitu. Mambo niliyoyabeba miezi miwili yaliisha katika dakika tatu.

Hakunitukana, na heri angenitukana. Aliuliza tu, "Kwa nini?"

"Ningebaki na nani?"

"Na mimi je, mzee? Mimi nina baba wangapi?"

Alitazama mvua, halafu akasema, "Usimwambie. Anakupenda sana. Mwache aondoke akijua ni mashine iliyokataa."

Kwa hiyo hata kuomba msamaha nimenyimwa, na ni haki yangu kunyimwa.

Alhamisi, 15 Januari
Jana kamurta imekwisha, leo wameondoka. Walimlaza kiti cha nyuma cha gari na mito miwili. Bosibori alikuja kutoka Suneka na chinsaga zilizochemshwa, akamwekea kwenye chombo cha plastiki ale njiani, akalia waziwazi. Mimi nilisimama kama mlingoti.

Indubhai alinipa ufunguo wa duka. Vikram atauza vitu vingine, lakini mashine ni yangu, amesema mzee mwenyewe.

"Utaimaliza?" akaniuliza.

"Nitaimaliza."

"Polepole," akasema.

Gari likaondoka kuelekea njia ya Nairobi. Damaris alinishika bega na mimi nikajifanya natafuta miwani.

Jumanne, 20 Januari
Nilifika mpaka mlangoni. Sikufungua.

Jumanne, 27 Januari
Leo nimefungua. Ndani kunanuka ukungu. Kalenda imeishia tarehe tatu Januari, siku ya mwisho alipokuwa na nguvu ya kuchana. Niliiondoa shali nikaikunja vizuri. Nilikuwa nimekata shauri: nitairudisha jampa mahali pake, mashine isome, nimwandikie barua kwamba kazi imetoka mezani. Angalau hilo nimfanyie.

Nikatoa tano nikatia kumi. Nikakagua mara tatu kwa kioo cha kukuzia. Nikawasha.

Haikusoma.

Nilizima, nikawasha tena. Haikusoma. Nikapima waya, nikabadilisha waya wa umeme, nikarudia orodha ya Chandni ukurasa wa kadi. Kila kitu sawasawa. Nikakaa chini jasho likinitoka katika baridi ile. Kilikuwa kimebaki kitu kimoja ambacho tangu Novemba hakuna aliyekichomoa. Nikafungua skrubu, nikaichomoa kadi.

Kwenye miguu yake, yale meno ya dhahabu yanayoingia kwenye bodi, palikuwa na kijikaratasi kimekunjwa mara moja, kimezungushwa kwenye meno kadhaa yasiguse bodi, kimekatwa kwa mkasi kwa unadhifu ule wa fundi wa miaka arobaini. Nilikikunjua. Ni ukurasa wa kalenda. Maandishi ya Kigujarati siyajui, lakini tarakimu na maneno ya Kiingereza ya pembeni nayajua: tano, Novemba, Jumatano.

Siku aliyoipachika kadi peke yake. Siku mbili kabla ya mimi kushika kibanio.

Nilikaa nacho kiganjani. Nikakumbuka miguu ya kadi inayochakaa. Nikakumbuka "umechoka na mashine hii?" na ile "vizuri" ya kitandani. Miezi miwili tumebadilisha waya, tukabadilisha kisoma sidii, tukasomeana orodha kwa rula, wazee wawili wenye akili zao, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma kwa kumdanganya. Nilicheka peke yangu, halafu nikalia, na sikujali kama Damaris anasikia.

Lakini kifua chake kimekwisha, na hilo kijikaratasi hakikulifuta. Badala ya mwizi mmoja walikuwa wawili, na aliyelipa ni yeye.

Ningeweza kuiwasha. Bila karatasi, na jampa kwenye kumi, ingesoma, sina shaka. Nilikikunja kijikaratasi kwenye mkunjo wake ule ule, nikakirudisha, nikaipachika kadi, nikakaza skrubu. Nikafungua daftari la kazi. Jaribio la 18. Haikusoma.

Jumanne, 17 Februari
Mvua imepungua. Nilikwenda dukani nikafagia.

Jumanne, 24 Februari
Barua kutoka Leicester, mwandiko wa Chandni, Kiswahili cha kukisia. Anasema babu yupo, anapumua kwa mashine usiku, mchana anakaa dirishani. Theluji imeanguka na hakuipenda. Kuandika hawezi, mkono unatetemeka, kwa hiyo yeye ndiye anayemwandikia. Mstari wa mwisho ulikuwa hivi: "Babu ananiambia nikuulize neno moja tu, ati wewe utajua. Imesoma?"

Nilivaa koti nikaenda Posta. Kaunta ya telegramu bado ipo, ingawa fomu zimekuwa za manjano kwa kukaa. Yupo Nyanchera, niliyemfundisha kazi mimi mwenyewe. Alisoma nilichoandika, akageuza fomu kuangalia kama kuna kitu nyuma.

"Mwalimu, neno moja tu mpaka Uingereza? Ongeza hata salamu."

"Hilo linatosha," nikamwambia.

Akalihesabu kwa ncha ya kalamu, kama nilivyomfundisha, akagonga muhuri. BADO.